Baada ya Eda: Matembezi ya Kisiwa cha Miti, Kitale

  

Juma lililopita safu hii haikutoka, na baadhi yenu mlituma salamu kuuliza kama tu wazima. Tu wazima, alhamdulillahi. Tulikuwa safarini Kitale na Bungoma, pamoja na ahali yetu, kumtazama binti yetu ambaye eda ya kufiwa na mumewe ilikuwa imekwisha. Tumemwomba ruhusa ya kuyaandika haya, naye ameturuhusu kwa masharti mawili: jina lake tusilitaje, na ukweli tusiupunguze, hata ule usiotupamba sisi wenyewe. Tumeyakubali yote mawili.

Ukweli wa kwanza ni huu. Tulipopanda treni ya SGR kutoka Mombasa, mkobani mwetu mlikuwamo tiketi za kurudi za watu sita. Sisi na ahali yetu ni wawili. Wanne waliosalia ni binti yetu na wanawe watatu. Hatukuwa tumemwuliza. Tulikwisha kumtengea chumba, tulikwisha kuzungumza na mwalimu wa madrasa kuhusu wajukuu, na jamaa walikwisha kuanza kuulizana atafika lini. Katika fikira zetu jambo lilikuwa jepesi: mwanamke aliyefiwa hurudi kwao. Kitale kwetu sisi palikuwa mahali alikoolewa tu. Haikutupitikia kwamba ndipo anapoishi, na kwamba ameishi hapo miaka kumi na mmoja.

Kutoka Nairobi hadi Kitale ni safari ya basi ya takriban kilomita 380. Mji ule uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,900, na sisi watu wa pwani baridi yake hutuingia mifupani. Tulifika jioni. Binti yetu alitupokea kwa chai ya tangawizi na mahamri, yale yale aliyofunzwa na mama yake. Tangu zamani huyapika alfajiri na kuyauza karibu na soko, na alasiri huwasomesha Kurani wasichana wa mtaani. Katika eda biashara ilisimama, lakini wanafunzi walimfuata nyumbani. Haya tuliyakuta, hatukuyajua.

Asubuhi ya pili, kabla hatujafungua mdomo kuhusu tiketi, alisema, “Baba, najua mmekuja na maneno. Nitayasikiliza yote. Lakini kwanza naomba mnipeleke Saiwa, mimi na watoto.”

Saiwa ni kinamasi chenye msitu, nje ya mji. Alikuwapo pale jirani, bibi mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye alikuwa amekuja kutusalimu. Akainama na kumnong’oneza ahali yetu, kwa sauti ambayo sote tuliisikia, “Eda imekwisha juzi tu, leo matembezi? Watu watasema nini?” Ahali yetu akatutazama. Sisi tukanyamaza. Na hapa pana ukweli wa pili: unyamavu wetu ulikuwa ni kukubaliana na bibi yule. Miaka mingi tumesimama juu ya membari tukiwafunza watu hukumu za eda, na siku ilipofika nyumbani kwetu, tulichokisikia ni maneno ya watu.

Usiku ule tulifungua msahafu. Aya ya 234 ya Suratul-Baqara ndiyo iwekayo muda wa eda ya mfiwa kuwa miezi minne na siku kumi, na kila msomaji wa safu hii anaijua sehemu hiyo. Lakini aya haikomei hapo. Inaendelea kusema kwamba wanawake hao wakishautimiza muda wao, hapana lawama juu yenu kwa wanayojifanyia wenyewe kwa wema. Tazameni inamsemesha nani. Haimwambii mjane kwamba yeye hana lawama; yatuambia sisi tunaomzunguka, mawalii, jamaa na majirani, kwamba sisi hatuna dhambi kwa yeye kuyaendea mambo yake. Kana kwamba ilijulikana tangu mwanzo kwamba sisi ndio tutakaoirefusha eda kwa ndimi zetu baada ya Mwenyezi Mungu kuikomesha.

Tukaikumbuka pia habari iliyomo katika Sahihi Muslim ya khaloo yake Jabir bin Abdillah. Bibi huyo alikuwa katika eda ya talaka, akataka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkemea kwa kutoka. Akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, naye akamruhusu aende kwenye mitende yake, kwani huenda akatoa sadaka au akafanya jambo la kheri. Ikiwa yule alikuwa bado edani na akaruhusiwa kwenda mtendeni kwa haja yake, huyu wa kwetu aliyeitimiza ana kosa gani kwenda kuiona miti na mto?

Hata hivyo moyo wa mwanadamu ni mzito. Tukaanza na mahali pa karibu, kana kwamba umbali mfupi hupunguza maneno ya watu. Siku ya pili tulikwenda Makumbusho ya Kitale, ambayo hayako mbali na katikati ya mji. Asili yake ni mikusanyo ya afisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926 kwa wadudu, ndege na vitabu. Na mwaka 1974 yakafunguliwa makumbusho ya taifa, ya kwanza ya mikoani mbali na pwani. Nyuma ya majengo kuna njia ya miguu inayoingia katika msitu wa asili. Unatoka kwenye kelele za matatu na bodaboda, na muda si muda uko chini ya miti mikubwa, na ngedere juu ya kichwa chako. Wajukuu walikimbia. Mama yao alitembea polepole, akigusa magome ya miti kwa kiganja. Hakusema neno, nasi hatukumwuliza.

Siku ya tatu ndipo tukaenda Saiwa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 20 kutoka Kitale, kwa barabara ya Kapenguria, kisha unakata kuelekea Kipsaina. Njia nzima ni mashamba ya mahindi. Kaunti ya Trans Nzoia ni ghala la nchi, na macho hayaoni ila mahindi kushoto na mahindi kulia, mpaka ghafla ardhi inashuka na mbele yako panatokea ukanda wa miti mirefu na matete, na katikati yake maji ya mto Saiwa yamelala. Sisi tuliozaliwa Mvita tunakijua kisiwa: nchi kavu iliyozungukwa na maji. Pale tuliona kisiwa cha namna nyingine, miti na maji vilivyozungukwa na mahindi. Eneo lote ni takriban kilomita za mraba 3 tu, nayo ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya. Ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, nzohe, paa wa majini.

Humo gari haliingii. Watu hutembea kwa miguu juu ya njia za mbao zilizopitishwa juu ya tope, na pahala pahala pamejengwa ulingo wa kupanda ili kutazama mbali. Ahali yetu, aliyekuja akiwa na hofu ya nyoka na ya maneno ya jirani kwa kiasi kilicho sawa, alisimama ghafla njiani akasema, “Hii si mikindu hii?” Kweli ilikuwa mikindu, imeota ukingoni mwa maji kama ilivyo kwetu. Mama yake alikuwa msusi wa mikeka na makanda, na yeye mwenyewe alikulia katika kuchana ukindu. Kuanzia hapo hofu ilimtoka. Akawaonyesha wajukuu ni jani lipi huchukuliwa, lipi huachwa ili mti usife, na jinsi linavyoanikwa. Sisi hatukuwahi kumsikia akisomesha. Siku hiyo tulimsikia.

Tulimwona mbega mwenye manyoya meupe na meusi, na kima mwenye ndevu nyeupe ambaye kwa ndevu zake hizo huitwa kalasinga. Korongo wenye taji walipita juu yetu wawili wawili. Lakini nzohe hatukumwona. Mwongozaji wetu alitueleza kwamba mnyama huyu hutoka asubuhi mapema na jioni, na kwamba hupatikana na mwenye subira tu. Basi tukapanda ulingoni, tukakaa kimya.

Kukaa kimya, ndugu zangu, ni jambo tulilolisahau katika nyumba zetu. Simu hulia, runinga husema, na mwenye huzuni hakosi mtu wa kumwambia maneno. Tangu msiba ulipotokea, binti yetu alikuwa ameambiwa maneno mengi: subiri, usilie, rudi nyumbani, fikiria watoto. Mengi yalitoka kwetu, kwa simu. Juu ya ulingo ule hapakuwa na wa kumwambia lolote, kwa kuwa ukisema mnyama hukimbia. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Hata mjukuu wa mwisho, ambaye hajui kukaa, alikaa.

Ilipokaribia saa kumi na moja, matete yakatikisika. Akatoka jike mmoja, hana pembe, rangi yake hudhurungi iliyokoza wekundu, akatembea juu ya tope pasi na kuzama. Mwongozaji alitunong’oneza kwamba kwato za nzohe ni ndefu na hutanuka, ndiyo maana hupita mahali ambapo mnyama mwingine angedidimia. Akaongeza kwamba akiingiwa na hofu hujizamisha majini mwili mzima, akaacha pua tu juu ya maji ili apumue. Anayepita hudhani hapana kitu. Kumbe yupo, na yu hai.

Binti yetu alikuwa akilia, kilio cha kimya. Nzohe alipoingia tena mateteni, akasema bila ya kututazama, “Baba, marehemu alikuwa akituleta hapa. Mara mbili alituleta. Alisema, kama nikikumbuka sana pwani, nije nitazame mikindu.” Kisha akasema, “Najua mmekata tiketi. Mimi sikupotea, Baba. Niko kwangu. Wanangu wana skuli yao hapa, wanafunzi wangu wako hapa, na kaburi la baba yao liko Bungoma. Nipeni ruhusa nibaki, na mje kunitazama.”

Hatukumjibu papo hapo. Tuliteremka, tukatia udhu kwa maji tuliyochukua chupani. Wengine walikuwa wamesali Adhuhuri na Alasiri mapema. Sisi wasafiri tulizikusanya na kuzipunguza, kwa ruhusa iliyomo katika madhehebu yetu ya Shafi, kabla wakati haujatoka. Kwa faida ya watakaokwenda: kibla cha Mombasa ni karibu kaskazini kamili, lakini Kitale mtu huelekea kaskazini na kuchepuka kidogo upande wa mashariki. Katika sijida ile ndipo tulipoona aibu ya zile tiketi. Tulikuwa tumemchukulia binti yetu kuwa amezama, tukaja kumwopoa, naye muda wote alikuwa akipumua.

Tulipotoa salamu tukamwambia, “Baki, mwanangu. Na utusamehe.” Mama yake alilia, kisha akasema atakuja kila mwaka wakati wa mavuno. Jambo hilo limekwisha kwa kheri.

Ilibaki Bungoma. Tulishuka kwa barabara ya Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, ambapo mto Nzoia hupita ukiwa tayari ni mto mkubwa, na si mbali na mji kuna maporomoko ya Nabuyole. Maji ya Saiwa nayo huishia kuingia katika Nzoia, na Nzoia huishia Ziwa Viktoria, ukipitia Budalangi, ambako kila mvua zikizidi tunasikia habari za watu waliohamishwa na mafuriko. Tulisimama kidogo, tukamwambia mjukuu mkubwa kwamba maji aliyoyaona jana chini ya ulingo yatapita hapa. Akauliza, “Na sisi ndio tumeyatangulia?” Tukamwambia ndiyo, kwa matatu.

Wakwe wa binti yetu walitupokea kwa ukarimu mkubwa, na haya tunayoyaeleza tumeyaeleza kwa idhini yao. Marehemu aliacha mke, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa, na wasia kama upo, hesabu yake iko wazi: mke ana thumuni, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mafungu mawili na kila wa kike fungu moja. Ukiigawa mali mafungu 24, mke hupata 3, mama 4, na watoto 17. Juu ya hili hapakuwa na mzozo.

Mzozo ungeweza kutokea katika kuonyesha ni ardhi gani. Marehemu alikuwa na shamba, na upande wake mmoja umepakana na kijito chenye miti. Mmoja wa mashemeji alipendekeza thumuni ya mjane ikatwe upande ule wa miti, kwani mahindi yasilimwe vipande vipande. Hakukusudia dhuluma; alifikiri kama mkulima. Nasi tulikuwa karibu kutikisa kichwa. Binti yetu ndiye aliyesema, kwa adabu, akiwa nyuma ya mama mkwe wake, “Shemeji, ule ukanda wa kando ya maji hauruhusiwi kulimwa wala kujengwa. Ukinihesabia huo, utakuwa umenipa kisichotumika na kukiita fungu.”

Na ndivyo ilivyo. Kanuni za maji za Kenya huweka ukanda wa kando ya mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ambao kilimo na ujenzi haviruhusiwi humo. Kumhesabia mwanamke ukanda huo kuwa ndio fungu lake ni kumpunguzia haki yake, hata kama vipimo vya karatasini vimetimia. Tunawaomba kina mama wanaosoma haya walikumbuke hili, kwani si Bungoma tu ambako fungu la mwanamke hutafutwa mahali pa maji, pa mawe au pa makorongo. Fungu hupimwa kwa thamani na manufaa, si kwa kamba peke yake.

Akaulizwa, basi miti ile ifanyweje? Akasema isikatwe, na isihesabiwe katika fungu la mtu yeyote. Ibaki kando ya kijito kama ilivyo, watoto wote wa ukoo wapumzike chini yake, na maji ya walio chini yasipotee. Yule shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Marehemu angesema hivyo hivyo.” Wazee wakakubali. Makubaliano yatapelekwa mbele ya Kadhi yaandikwe, kwani ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010 imewapa makadhi mamlaka ya mirathi pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kuridhia kwenda kwao. Tunapendelea maandishi hata penye mapenzi, maana mapenzi husahau.

Sasa turudi kwenu, wasomaji wetu. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kwenda kutazama msitu na mto ni kazi ya watalii. Mwanamume akichoka, ana baraza yake na kahawa yake. Mwanamke akichoka, huambiwa apumzike jikoni. Lakini Bwana Mtume, rehema na amani zimfikie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha katika safari, kama ilivyopokewa na Abu Daud. Mara ya kwanza akashindwa, na mara ya pili akashinda. Nani kati yetu amemtoa mkewe mahali penye nafasi ya kukimbilia?

Basi mkijaaliwa kwenda mahali kama pale, shikeni mambo machache. Kwanza, mkifika someni ile dua ya kushuka mahali, ambayo mwenye kuisoma hukingwa mpaka aondoke. Nayo imetufikia katika Sahihi Muslim kupitia kwa mwanamke, Bibi Khawla bint Hakim. Pili, buibui lisiburute. Njia za mbao ni nyembamba na zina unyevu, na pindo refu humwangusha mtu. Stara haipungui kwa pindo kuwa juu ya kifundo cha kiatu kilichofunga vizuri. Tatu, watoto washikwe mikono penye maji. Nne, msichukue maji ya chupa za plastiki za kutumika mara moja, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa. Bebeni chupa za kudumu na vyakula katika vyombo vya kurudi navyo. Tano, msiache taka. Mtume amekataza watu kujisaidia penye maji, njiani na kivulini, akaonya kwamba hayo huleta laana. Na mwenye kuacha taka pale pale wanapopumzika watu, je, yuko mbali na onyo hilo? Sita, punguzeni sauti. Kimya ni sehemu ya ulichokilipia kiingilio.

Wala msiseme Kitale ni mbali. Kwetu Kwale, katika kijiji cha Gazi, kina mama wenyewe wana njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na wageni hulipa kidogo kuipita, na chakula cha pwani hupatikana hapo kwa mikono yao. Kijiji hicho pamoja na Makongeni kimekuwa kikiitunza mikoko tangu mwaka 2013 kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao mapato yake hurudi kwa wanakijiji. Miti imo majini, wanawake ndio wenye kuisimamia, na ni mwendo mfupi kutoka feri ya Likoni. Sisi wenyewe tumepita barabara ile ya Msambweni mara nyingi tukienda kusomesha, na hatukuwahi kukata kushoto.

Juma lijalo, inshaallah, tutakata. Ahali yetu amekwisha kutuambia siku na saa, na amemwalika bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyemaliza eda mwezi uliopita na ambaye hajatoka mlangoni tangu hapo. Ikiwa nanyi mna jirani wa namna hiyo, dada, shangazi au mkwe, mpigieni hodi leo. Msimwambie maneno mengi. Mwulizeni tu kama angependa kwenda kuona maji.

Na zile tiketi nne zilizobaki tulizirudisha, na fedha iliyorejeshwa tukampelekea binti yetu kwa simu. Amejibu kwamba amenunulia miche, ya kupandwa kando ya kijito penye mapengo. Imepokewa kutoka kwa Anas, katika Musnad ya Imamu Ahmad, kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mwenyezi Mungu amrehemu mkwe wetu, amjaalie subira binti yetu, awakuze wanawe katika kheri, na atusamehe sisi tunaodhani kwamba tunajua mahali pa kila mtu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.